Uzoefu si hoja: wanaoanza falsafa baada ya kazi

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55. Akifika 60 haombi tena, anaondoka. Miezi inayotangulia siku hiyo huwa na vikao vingi nyumbani, na ajenda yake inajulikana: kiinua mgongo kitafanya nini? Mwenye kiwanja Kibaha atamalizia nyumba. Mwingine atafuga kuku wa mayai, mwingine atanunua bajaji mbili, mwingine atarudi kijijini kupanda parachichi. Wanaojua hesabu watabishana kuhusu kikokotoo cha mafao mpaka chai ipoe. Jibu ambalo kikao hakijajiandaa kulisikia ni la yule anayesema kwamba sehemu ya fedha ataitenga kwa ada, maana anataka kusoma shahada ya uzamili katika falsafa.

Shemeji atauliza kama kozi hiyo ina ajira, akisahau kwamba anayeulizwa ndiyo kwanza anatoka kwenye ajira. Mama mkwe atauliza, kwa upole wote, kama baba watoto ameamua kuwa padri uzeeni.

Swali la mama mkwe lina mantiki yake. Kwetu falsafa imeishi zaidi ndani ya seminari kuliko nje. Kijana wa Kikatoliki anayeelekea upadri husoma falsafa kwanza, Kibosho mkoani Kilimanjaro au Ntungamo kule Bukoba, ndipo aende kwenye teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Kwa hiyo anayesoma falsafa, katika picha walizonazo watu wengi, ni frateri wa miaka 22 mwenye kanzu nyeupe. Mhandisi wa maji wa miaka 58 mwenye miwani ya kusomea na vidonge vya presha mfukoni hayumo kwenye picha hiyo. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vina idara za falsafa, lakini mtaani idara hizo hazijulikani kama inavyojulikana sheria au udaktari.

Hata hivyo wapo wanaokwenda: wauguzi, mawakili, wahasibu, wanajeshi, walimu wakuu. Makala hii inawahusu wao, na inahusu jambo moja ambalo hawaambiwi wanapojaza fomu.

Ugomvi juu ya umri wa kusoma falsafa ni wa kale kuliko vyuo vyenyewe. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Gorgias, bwana mmoja kwa jina Callicles anamkabili Socrates bila haya. Falsafa, anasema, inampendeza kijana. Inamchangamsha akili na kumtoa ushamba. Lakini mtu mzima anayeendelea nayo, badala ya kushughulika na mambo ya mji na kutafuta jina, ni kichekesho, na dawa yake ni viboko. Shemeji wa kwenye kikao chetu hajafika mbali hivyo, ila ni wa ukoo mmoja na Callicles.

Plato mwenyewe hakukubali. Katika kitabu cha saba cha Jamhuri anapanga ratiba ya watu watakaouongoza mji: hisabati ya juu kuanzia miaka 20 hadi 30, kisha miaka mitano ya kujifunza kujenga hoja na kuzibomoa, kisha miaka 15 ya kazi, yaani vita, ofisi na utawala, na hatimaye, wakitimiza 50, waliofaulu kote huko waruhusiwe kulikabili swali la wema wenyewe ni nini. Aristotle naye aliona kwamba kijana si mwanafunzi mzuri wa maadili na siasa, kwa kuwa hajaishi vya kutosha, ingawa aliongeza haraka kwamba ujana anaousema si wa miaka tu, kuna na ujana wa tabia.

Wanaowatetea wanafunzi wa umri mkubwa hupenda kuitaja hiyo 50 ya Plato na kuishia hapo. Irudieni ratiba yenyewe. Mzee wa Plato haanzi falsafa akiwa na miaka 50. Ana hisabati ya miaka 10 na mabishano ya miaka mitano aliyoyafanya kabla hajapewa ofisi. Kazi imekaa katikati ya masomo yake, haikuyachukulia nafasi. Mstaafu wetu ana ile miaka 15 ya kazi, tena ana 30, lakini hana ile mitano.

Na hapo ndipo penye shida. Tumelelewa tukiambiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Semina ya falsafa ni chumba ambamo neno la mzee huharibiwa mbele yake, na kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka jana, na baadaye wote wawili wanakwenda kunywa chai. Mtu aliyekuwa anafunguliwa mlango wa gari mwezi Juni anaulizwa mwezi Novemba, na binti mwenye umri wa mtoto wake wa mwisho, “Lakini hilo linafuataje kutoka kwenye dai lako la kwanza?” Haulizwi kwa dharau. Anaulizwa kwa sababu halifuati.

Tuchukue mfano. Tuseme ni muuguzi, miaka 30 wodini, sista kiongozi kwa 12 kati ya hiyo. Amekuja kusoma falsafa ya maadili kwa kuwa kuna maamuzi aliyoyafanya zamu za usiku ambayo hakuna fomu iliyokuwa na kisanduku chake. Wiki ya tatu anapewa asome andiko la John Taurek, Mmarekani, lililotoka mwaka 1977, linalouliza kama idadi ya watu ina uzito wowote tunapochagua nani aokolewe. Mfano wa Taurek ni huu: dawa ni moja na watu ni sita. Watano kila mmoja anahitaji sehemu ya tano ya dawa. Wa sita anahitaji yote. Ukiwapa watano, mmoja anakufa. Ukimpa mmoja, watano wanakufa. Kila sista duniani anajua la kufanya. Taurek anasema yeye angerusha sarafu.

Muuguzi anakasirika, na hasira hiyo ni halali. Anaandika kurasa nne zinazoanza na maneno “Kwa uzoefu wangu”. Anaeleza kwamba hospitali haiwezi kuendeshwa kwa sarafu, kwamba mwongozo wa wizara haukubali, kwamba mwandishi huyu hajawahi kuvaa glavu. Pengine yote ni kweli, na bado hakuna hata moja linalomgusa Taurek. Hoja ya Taurek ni kwamba hakuna mtu anayekufa vifo vitano. Kila mmoja wa wale watano anapoteza uhai wake mmoja, sawasawa na yule wa sita anavyopoteza wake. Ukijumlisha hasara hizo, ni nani hasa anayeibeba jumla? Ukisema jumla hiyo ni mbaya zaidi, mbaya zaidi kwa nani? Mwaka uliofuata mwanafalsafa Derek Parfit alimjibu katika jarida lilelile, na alimjibu kwa kutafuta mahali ambapo mnyororo wa hoja unakatika. Uzoefu wa hospitali hakuutaja, maana hakuwa nao. Hicho ndicho muuguzi anachotakiwa kufanya: aoneshe kiungo kilichokatika.

Halafu, baada ya kazi hiyo ngumu, uzoefu wake unarudi kwa mlango mwingine. Yeye peke yake darasani anajua kwamba wodini watu sita hawaji pamoja. Wa sita anaingia saa kumi alfajiri, dawa ikiwa imeshaanza kutumika, na ndugu zake wamesimama mlangoni. Je, dawa iliyokwisha kuanzwa kwa mgonjwa mmoja ni yake kiasi gani? Hilo ni pingamizi kwa Taurek, au ni kubadilisha mada? Mimi naona ni swali bora kuliko la Taurek mwenyewe, na ni tasnifu nzima. Lakini mwenye swali hilo asingelifikia kama angeruhusiwa kuishia kwenye hasira.

Mkaguzi wa hesabu hukutana na kisanga chake kwingine. Mwaka 1963 Edmund Gettier, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, alichapisha andiko la kurasa tatu hivi lililolitikisa jibu moja la siku nyingi: kwamba kujua jambo ni kuliamini, ukiwa na sababu nzuri, na jambo lenyewe likiwa kweli. Mfano wa kwanza wa Gettier ni wa watu wanaogombea kazi na sarafu zilizo mfukoni. Mkaguzi wetu anaweza kujitungia wake. Tuseme amekwenda halmashauri fulani. Kwenye jalada kuna hati za mapokezi zinazoonesha kwamba shule ya kata imepokea madawati 200, mihuri yote ipo. Anaandika kwamba shule ina madawati 200. Hati zile zilighushiwa na ofisa aliyekwisha kuzila fedha. Ila wiki ileile, ofisa hana habari wala mkaguzi hana habari, mfadhili alishusha shuleni madawati 200. Alichoandika mkaguzi ni kweli. Amekiamini, na hati ilikuwa na kila dalili ya uhalali. Je, alikijua?

Mkaguzi yeyote aliyeiva atajibu papo hapo: ndiyo maana tunakwenda kuhesabu wenyewe. Vizuri. Amekwenda, amehesabu, 200 kamili. Hayo aliyoyahesabu yameazimwa shule jirani kwa ajili ya ugeni wake, na madawati 200 ya shule yenyewe yamefungiwa stoo yakisubiri vanishi. Bado alichoandika ni kweli. Bado swali lipo. Kila utaratibu mpya wa ukaguzi atakaoupendekeza, mtu wa upande wa pili wa meza atautungia hadithi nyingine, na ndani ya saa moja anagundua kwamba “ushahidi wa kutosha”, maneno aliyoyatia saini maisha yake yote, hakuwahi kuulizwa yana maana gani. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba michezo ya namna hii ni ya watu wasio na kazi. Lakini hati inayoridhisha ya mkaguzi hutolewa kwa msingi huohuo ambao Gettier aliutikisa, na si vibaya kama mtu mmoja mmoja kati ya wanaozitoa ataujua msingi huo.

Kwa nini basi nasema uzoefu si hoja, hali mifano yote miwili nimeichota kwenye uzoefu? Kwa sababu kazi yake ni kuleta mfano unaolivunja dai, au swali ambalo wengine hawakuwa mahali pa kuliona. Baada ya hapo hauna kura. Kanuni hiyo haikutoka Ulaya peke yake. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Nyanza nchini Kenya mwaka 1944, alikwenda Uppsala, Sweden, kusomea mambo ya hali ya hewa, akahamia kwenye falsafa, akapata shahada ya uzamili palepale Wayne State, kisha akarudi Uppsala kwa uzamivu na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Mradi uliomjengea jina ni ule wa kwenda vijijini kuzungumza na wazee wanaosifika kwa hekima, akiwamo baba yake mwenyewe, Oruka Rang’inya. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilitoka mwaka 1990.

Watu wengi wanaomtaja Oruka wanakumbuka kwamba aliwaheshimu wazee, na kweli aliwaheshimu. Wanasahau kwamba aliwagawa. Wako wenye hekima wanaoijua mila ya watu wao kutoka mwanzo hadi mwisho, wakiulizwa wanakupa jibu ambalo jamii imelihifadhi. Na wako wachache, kama Paul Mbuya Akoko, wanaosimama nje ya jibu hilo, wakalipima, na mara nyingine wakalikataa kwa sababu wanazoweza kuzieleza. Oruka aliwaita hawa wa pili wanafalsafa, na wale wa kwanza hakuwaita hivyo. Miaka mingi na mvi nyingi viliweza kukuweka kundi lolote kati ya hayo mawili. Nadhani kitabu hicho ndicho ambacho kila mstaafu angepaswa kupewa pamoja na barua ya kukubaliwa chuoni, maana wengi huja wakiamini kwamba wameshahitimu nusu ya kozi kwa kuishi tu.

Lipo jambo lingine, dogo kwa sura, linalowatesa watu wa ofisini: namna ya kuandika. Mtu aliyeandika dokezo sabili kwa miaka 30 ana mkono uliokwisha kuzoea. Utangulizi, hali ilivyo, changamoto, mapendekezo, naomba kuwasilisha. Bosi wake hakuwa na muda, kwa hiyo alijifunza kumpa hitimisho kabla hajachoka. Katika falsafa msomaji ana muda wote, na hitimisho ndilo linalomvutia kidogo kuliko vyote. Anataka kuona ulipitaje. Unaandika maneno 3000 juu ya aya moja ya mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita, na nusu ya hayo maneno ni kumtetea dhidi ya pingamizi lako mwenyewe. Vidokezo vya risasi haviruhusiwi. Neno “changamoto” nalo linapaswa kupumzishwa, kwa maoni yangu, hata nje ya falsafa.

Mtu aliyeweza kumtetea mpinzani kabla ya kumpinga, vizuri kuliko wote, tena akiwa bado kazini, ni Imamu Al-Ghazali. Tunamjua zaidi kwa Ihyaa yake, inayosomwa misikitini na madrasa za pwani yetu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika Nidhamiya ya Baghdad, cheo kikubwa kuliko alichoweza kukitamani mwanazuoni wa sheria wa zama zile. Katika kitabu alichokiandika baadaye kuhusu maisha yake anaeleza kwamba alikuwa na wanafunzi 300, na kwamba falsafa aliisoma peke yake, bila mwalimu, katika saa alizoziiba baada ya kufundisha na kuandika mambo ya dini. Ilimchukua chini ya miaka miwili kuielewa, na karibu mwaka mwingine kuirudia na kuichimbua.

Alikuwa na sababu zote za kuikataa siku ya kwanza. Alikuwa na cheo, alikuwa na wasikilizaji, na kwa jicho la wengi alikuwa na dini upande wake. Badala yake aliona kwamba kukanusha madhehebu kabla ya kuyaelewa ni kutupa mshale gizani, na akaandika kwanza kitabu kinachoeleza makusudio ya wanafalsafa kama wao wenyewe wangeyaeleza. Aliyaeleza vizuri mno kiasi kwamba Ulaya, ambako tafsiri ya Kilatini ilisambaa bila dibaji yake, wasomaji walimdhania kuwa mfuasi wa mwanafalsafa Ibn Sina. Ndipo akaandika cha pili, cha kuwabomoa. Mwaka 1095 aliacha kiti cha Baghdad na kuondoka. Falsafa haikumpa alichokuwa anakitafuta, na alisema hivyo waziwazi. Anayedhani kozi hii itamtuliza moyo baada ya mambo mazito ya maisha aujue na huo mwisho wa safari ya Ghazali. Kuna watu falsafa imewafariji, lakini haikuandikwa popote kwenye mtaala.

Karibu na nyumbani tuna padri Alexis Kagame wa Rwanda. Alizaliwa mwaka 1912, akapata daraja la upadri 1941, akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka na mkusanyaji mkubwa wa mashairi ya ikulu ya wafalme. Alikwenda Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma, mwaka 1952, jina lake likiwa tayari kubwa kwao, na akatoka na udaktari wa falsafa mwaka 1955. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka uliofuata, iliuliza Wanyarwanda wanakielewaje kilichopo, na ilianzia kwenye ngeli za nomino, ambazo msomaji wa Kiswahili akizitazama hahitaji mkalimani. Hakuna kijana wa miaka 23 ambaye angeweza kuiandika. Alihitaji miaka yote ile ya kukaa na watunzi wa ikulu. Lakini Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha 1976, alimkabili pamoja na watangulizi wake kwa swali zito: fikra zilizolala ndani ya lugha ya watu wote ni falsafa ya nani? Nani alizitetea, dhidi ya nani? Kukusanya na kuhoji ni kazi mbili, hata kwa mtu wa kimo cha Kagame.

Na yupo Euphrase Kezilahabi. Mwana wa Ukerewe, mwanafunzi wa seminari ya Nyegezi, mwalimu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mwandishi ambaye hapakuwa na haja ya kumtambulisha: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979. Angeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho na hakuna ambaye angemdai. Badala yake alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ilikuwa tasnifu ya mtu wa fasihi, ila mzigo mzito ndani yake ulibebwa na falsafa.

Riwaya zilizofuata, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, ni nyembamba, na ukizifungua unatafuta kijiji, baa na mwenyekiti wa kijiji, vile alivyovichora kwa miaka 10, huvioni. Mhusika anatembea mahali pasipo na ramani akitafuta kitu ambacho huenda hakipo. Wako wasomaji ambao mpaka leo wanasema Kezilahabi wao alipotelea Marekani. Mimi ninazisoma tofauti. Katika Kichwamaji tayari kuna kijana anayeulizia maana ya kuishi na kukosa jibu, na mwandishi anamwacha ajiue. Swali lilikuwepo kabla ya Madison. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi aliacha kuliweka kinywani mwa mhusika mmoja mwenye huzuni, akalifanya liwe umbo la kitabu chenyewe. Ukipenda unaweza kusema masomo yalimharibia wasomaji. Huwezi kusema hayakumfanyia kitu. Alifariki mwaka 2020, na zile riwaya mbili nyembamba bado zinabishaniwa.

Utawasikia watu wakimtaja mwanafalsafa Wittgenstein pia, kama ushahidi kwamba mhandisi anaweza. Kweli alikuwa mhandisi; alikuwa Manchester mwaka 1908 akishughulika na tiara za kupima anga na baadaye pangaboi za ndege, kabla ya kuhamia Cambridge kwa mwanafalsafa Russell mwaka 1911. Kisha akawa askari, akawa mwalimu wa shule ya msingi vijijini Austria, akamjengea dada yake nyumba Vienna, na mwaka 1929 akarudi Cambridge na, akiwa na miaka 40, akapewa udaktari kwa kitabu kilichokuwa kimeshachapishwa. Watahini walikuwa Russell na Moore, watu waliomjua tangu kabla ya vita. Usijaribu hivyo kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kwa sisi wengine kuna fomu.

Fomu yenyewe, kwa kifupi. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye daraja la kuridhisha, na baadhi hutaka iwe ya fani hiyo au inayokaribiana nayo. Mwenye uhandisi au uhasibu anaweza kudaiwa kozi za msingi kwanza. Asizione kama adhabu. Ile miaka mitano ya Plato ndiyo anayolipwa kwa mkupuo. Penye hiari ya kuchagua kati ya uzamili wa kozi na uzamili wa tasnifu peke yake, mtu aliyetoka fani nyingine achague kozi, maana anachokosa ni kile chumba cha kuvunjiwa neno, na tasnifu ya peke yake inamrudisha kwenye ofisi ya mlango mmoja aliyoizoea. Ndugu zetu walioko London wana Birkbeck, chuo kilichoanzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi, ambacho mpaka sasa kinajulikana kwa kufundisha jioni, na falsafa ni mojawapo ya fani zake.

Mada ya tasnifu iwe nyembamba. Wanaotoka kazini hupenda “Falsafa ya uongozi barani Afrika”, na msimamizi hupenda kuirudisha. Hakimu mstaafu ana jambo bora zaidi: je, adhabu ya kifungo cha lazima, ambayo yeye mwenyewe aliitoa bila kuiamini, ilikuwa tendo lake au la sheria? Ofisa wa benki anaweza kuuliza kama deni la marehemu ni ahadi ya nani. Swali la namna hiyo halimchoshi mtu kwa miaka miwili, na hakuna kijana darasani aliye nalo.

Yuko mmoja ambaye ningemshauri abaki na kuku wake: anayetafuta herufi mbili za kutanguliza kwenye bango la kampeni. Zipo fani zinazompa haraka zaidi na zisizomuuliza alimaanisha nini.

Na anayetaka kujipima kabla ya kulipa ada ya maombi aanze na zile kurasa tatu za Gettier. Azisome mara ya pili siku inayofuata, aandike ukurasa mmoja wa kumjibu usio na maneno “kwa uzoefu wangu”, kisha amwoneshe mtu ambaye hamwogopi.